Likizo, Sikukuu na Sherehe ya Ofisi Katikati ya Msimu wa Korosho

Kwa ofisi inayoishi kwa korosho, Desemba si mwezi wa kufunga mwaka. Minada ya Mtwara na Lindi hufunguliwa Oktoba, malori yanayotoka kwenye AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, hupanga foleni mbele ya maghala, na kuanzia hapo hadi Januari hakuna anayeuliza leo ni Jumamosi au Jumapili. Humohumo ndimo zinamoangukia Siku ya Uhuru, Krismasi, Desemba 26 na Mwaka Mpya. Shule nazo zimefunga, kila mzazi anataka kwenda kwao na watoto.

Ofisi ninayoizungumzia iko Mtwara mjini, inapokea, inapima na kuhifadhi korosho. Ina watumishi wa kudumu wasiozidi arobaini, na wakati wa msimu huongeza vibarua wa kubeba magunia na kushona. Kuna mwaka mambo matatu yaligongana kwa pamoja: watu walioahidiwa likizo ya Desemba wakarudishwa kazini, waliofanya kazi Krismasi wakalipwa kama siku ya kawaida, na mchango wa sherehe ukakatwa kwenye mishahara bila mtu kuulizwa. Sherehe yenyewe ilifanyika, wali ulibaki masufuriani, na nusu ya watu hawakutokea. Baada ya hapo malalamiko yalifika kwa afisa kazi. Kilichofuata kilikuwa kazi ya kupanga upya kila kitu, na hayo ndiyo ninayoyaeleza, kwa sababu ofisi nyingi za kusini bado zinapita njia ileile.

Chanzo kilikuwa kimoja. Likizo zilikuwa kwa afisa utumishi, zamu za sikukuu kwa msimamizi wa ghala, sherehe kwa kamati. Hakuna aliyekuwa anaona karatasi ya mwenzake. Mtu mmoja angeweza kuwa likizo kwenye jalada moja, zamu ya usiku kwenye jingine, na mchangiaji wa pilau kwenye la tatu. Dawa iliyofanya kazi ni kuviweka vyote kwenye karatasi moja, mwezi Januari, kabla ya bajeti ya mwaka kupitishwa.

Karatasi hiyo inaanza na sikukuu zenyewe. Zinazolipwa ni zile zilizotajwa katika Sheria ya Sikukuu, Sura ya 35, pamoja na siku ambazo Rais hutangaza, kama siku ya uchaguzi mkuu. Sikukuu ikiangukia Jumamosi au Jumapili, Tanzania haihamishii mapumziko Jumatatu, na wengi hawajui hilo mpaka wamekwisha kununua tiketi ya basi. Chukua mwaka 2026: Muungano, Aprili 26, ni Jumapili, na Nane Nane ni Jumamosi. Anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa amezikosa zote mbili. Upande mwingine, Ijumaa Kuu ni Aprili 3, Jumatatu ya Pasaka ni Aprili 6 na Siku ya Karume ni Aprili 7, kwa hiyo anapata siku tano mfululizo. Usipoliona hilo Januari, utaliona siku ghala linapokosa mtu wa kufungua mlango.

Idd na Maulid hufuata mwandamo wa mwezi, na kila mwaka huja mapema zaidi kwenye kalenda kwa siku kumi au kumi na moja hivi. Kwa Idd el Fitr tunaandika zamu mbili, moja ya mwezi ukiandama siku ya 29 na nyingine ukitimia 30, na kila mtu anasaini zote mbili. Tangazo la mwezi hutoka usiku. Kama hakuna karatasi, msimamizi ataanza kupiga simu saa 4 usiku, na atakayepokea ndiye atakayebebeshwa zamu. Baada ya miaka miwili mitatu ya namna hiyo watu huzima simu.

Sasa likizo ya mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo zenye malipo kwa kila mwaka wa likizo. Mfululizo maana yake Jumamosi na Jumapili zimo ndani, na sikukuu zinazoangukia humo nazo zimo ndani. Hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Anayeondoka Jumatatu, Novemba 30, 2026, likizo yake inaisha Jumapili, Desemba 27, nayo imemeza Siku ya Uhuru, Krismasi na Desemba 26. Siku mbili ambazo angezipata bure, au tatu kama hufanya kazi Jumamosi, amezilipia kwa likizo yake mwenyewe. Aliyeondoka Jumatatu, Februari 2, akarudi Machi 2, hakupoteza hata moja, kwa kuwa Februari haina sikukuu ya tarehe maalumu. Novemba nayo haina, lakini kwetu Novemba ndiyo mwezi ambao hata mhasibu hushika mizani.

Kwa hiyo ofisi ilifunga dirisha la likizo ndefu kuanzia Oktoba 1 hadi Januari 15 kwa idara ya ghala na mizani, na ikalifungua kwa idara zote kuanzia katikati ya Januari. Mwajiri ana haki ya kupanga wakati wa likizo, ila si kuisukuma bila kikomo: inatakiwa ichukuliwe ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa likizo kwisha, au miezi kumi na miwili kama mfanyakazi amekubali na kazi kweli inahitaji hivyo. Makubaliano hayo yaandikwe na kusainiwa. Likizo iliyoachwa ikalala kupita muda huo inaweza kupotea, na mtu akiacha kazi hatalipwa siku hizo. Nimewaona watu wazima wakilia machozi mbele ya meza ya utumishi kwa jambo hili, watu waliojinyima likizo miaka mitatu wakidhani wanaweka akiba.

Februari si mwezi mwepesi kwa wasafiri, hilo lazima lisemwe. Ni kipindi cha mvua, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ina historia yake. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata mawasiliano upande wa Kilwa. Anayesafiri mbali tunamshauri aweke siku mbili za tahadhari kabla ya tarehe ya kurudi, na akikwama atume picha na ujumbe siku hiyohiyo, ili aandikiwe ruhusa badala ya utoro.

Wenyeji wengi wa Newala, Tandahimba na Masasi huomba Juni au Desemba kwa ajili ya jando na unyago, kwa kuwa watoto wamefunga shule. Ombi la namna hiyo tulikuwa tunalichukulia kama la starehe. Si la starehe. Mjomba au shangazi asipokuwepo siku mtoto anapotoka, aibu hiyo hudumu ukooni. Tunawapa Juni kwanza, na anayelazimika kwenda Desemba hupata siku zisizozidi saba, zinazokatwa kwenye likizo yake kwa ombi lake la maandishi. Fomu ya ombi itaje tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi kazini (si ya mwisho wa likizo, watu huchanganya), idadi ya siku, sikukuu zilizomo, na jina la atakayeshika kazi, pamoja na saini yake.

Malipo ya likizo yatolewe kabla mtu hajaondoka. Sheria inasema hivyo, na pia ni akili: anayekwenda Ndanda au Liwale bila mshahara atakopa njiani. Tena, siku za msiba zisikatwe kwenye likizo ya mwaka. Kwa kifo cha mwenzi, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye kuna siku nne za malipo peke yake, nazo huhesabiwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Ofisi ilikuwa inawakata watu siku za matanga kwenye zile 28. Zilirudishwa zote, na hali ya hewa ofisini ilibadilika wiki hiyohiyo.

Kufanya kazi siku ya sikukuu kunalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa kwa kila saa uliyofanya. Ugomvi hutokea kwenye kukokotoa hiyo saa. Chukua mshahara wa msingi wa mwezi, ugawe kwa 4.333 ambazo ni wiki za mwezi, kisha ugawe kwa saa za wiki. Kwa saa 45, kigawanyo ni 195. Mwenye 390,000 saa yake ni shilingi 2,000, mara mbili ni 4,000. Akifanya saa nane siku ya Krismasi, ni 32,000. Posho ya nyumba na usafiri haziingii humo. Anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa kwa kila saa, na walinzi na wapokeaji wa malori ya usiku walikuwa wanasahauliwa kila mwaka. Wakuu wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu hawamo katika kifungu hiki. Waambiwe mapema, wasisubiri pesa ambayo haiji.

Kwa mtu wa mshahara wa mwezi linazuka swali: je, ile 4,000 iko juu ya mshahara, au nusu yake imekwisha kulipwa ndani ya mshahara? Waajiri wengi husoma kwa namna inayowafaa. Ofisi iliamua kulipa yote juu ya mshahara, ikaandika kwenye kanuni zake, ikabandika ukutani. Gharama iliongezeka, siwezi kuficha. Lakini gharama hiyo ilimlazimisha msimamizi kuhesabu anahitaji watu wangapi kweli. Zamani alikuwa anaita ghala zima siku ya Krismasi, nusu wakicheza bao. Sasa anaita wapima wawili, karani mmoja na genge moja la kupakua.

Kuna desturi nzuri kusini ambayo ningependa ilindwe: Waislamu wanashika zamu za Krismasi na Pasaka, Wakristo wanashika za Idd na Maulid. Hesabu yenyewe imekaa sawa, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na Desemba 26 kwa upande mmoja, siku mbili za Idd el Fitr, Idd el Hajj na Maulid kwa upande wa pili, nne kwa nne. Kuna kasoro mbili za kuangalia. Ya kwanza, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka daima ni siku za kazi, ilhali Idd inaweza kuangukia mwisho wa wiki, kwa hiyo mtumishi wa ofisini Mwislamu anaweza kupoteza mapumziko ambayo mwenzake hapotezi kamwe. Tunamfidia kwa ruhusa ya siku moja wiki inayofuata. Ya pili ni mbaya zaidi: wapo wasimamizi wanaosema, "Mmebadilishana wenyewe kwa hiari, kwa hiyo hakuna malipo mara mbili." Hapana. Hiari ya kubadilishana haifuti malipo. Sikukuu ni sikukuu kwa kila aliyeko kazini, dini yake yoyote.

Kwa vibarua wa msimu kuna hesabu ambayo wengi hawaijui. Kwa kawaida asiyefikisha miezi sita kazini hana likizo ya malipo, lakini sheria inamtaja mfanyakazi wa msimu na kumpa haki hiyo. Kiwango ni siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Aliyefanya siku sita kwa wiki, wiki kumi na tatu, ametimiza siku 78, anastahili malipo ya siku sita siku anapoondoka. Ofisi inapoajiri watu wengi wa msimu, fedha hii itengwe tangu Oktoba, la sivyo Januari mhasibu atasema haipo na makuli watakaa getini.

Kuna siku ndogondogo za kati ambazo nazo hukwaruzana. Banda la maonesho ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, linahudumiwa siku ya sikukuu, kwa hiyo wanaosimama hapo walipwe mara mbili pamoja na posho ya safari. Posho haichukui nafasi ya malipo ya sikukuu. Fulana na kofia za Mei Mosi zinunuliwe na mwajiri. Machi 8, Siku ya Wanawake, si sikukuu ya mapumziko, lakini kina mama hushona sare ya kitenge, na kitenge na fundi vinatoka mfukoni mwao peke yao. Ofisi ikitaka picha nzuri ya sare, ichangie kitambaa.

Tukija kwenye sherehe ya mwaka, tuanze na pesa. Mwajiri hawezi kukata mshahara kwa ajili ya mchango wa sherehe kwa sababu tu kamati imekubaliana. Makato yanatakiwa yawe yanaruhusiwa na sheria, mkataba wa hali bora (ule wa mwajiri na chama cha wafanyakazi) au amri ya mahakama, au mfanyakazi awe ameridhia kwa maandishi kulipa deni. Ujumbe wa "tumekubaliana" kwenye grupu la WhatsApp si ridhaa, na kunyamaza pia si ridhaa. Ilibidi ofisi irudishe kila shilingi. Tangu hapo chakula, vinywaji na usafiri ni vya kampuni, na mchango wa hiari ni wa zawadi za waagwa peke yake. Orodha ya waliochanga haibandikwi. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani asisomwe jina hadharani kwa elfu kumi.

Fedha ya kamati isikae kwenye simu ya mtu mmoja. Iwekwe kwa mhasibu wa ofisi, na kila malipo yawe na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, au hati iliyosainiwa na mpokeaji. Mtunza hazina wa kamati asiwe ndiye mnunuzi. Wakati mwingine wizi haupo kabisa, ila makato ya kutuma na kutoa hula kiasi, hesabu haifungi, na mtu mwaminifu anaondoka na jina baya.

Tarehe tuliitoa Desemba. Sherehe ikifanyika msimu ukiwa juu, wanaobaki ghalani ndio wale walioubeba msimu, na wanaokula ni wa ofisini. Mwisho wa Januari ni bora. Angalieni lakini kalenda za ibada: mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 18, na Ramadhani ikaanza wiki hiyohiyo. Aliyesogeza sherehe hadi mwisho wa Februari alikuta Waislamu wamefunga na Wakatoliki wako Kwaresma. Kwenye Ramadhani yenyewe, futari ya pamoja moja inatosha, iwe tayari kabla ya adhana ya magharibi, uji, tende, mihogo na samaki vikiwa mezani, na watu waachiwe nafasi ya kuswali kabla ya hotuba yoyote. Wakubwa wapendao hotuba ndefu waambiwe mapema.

Kwa pilau ya watu 60 tunanunua mchele kilo 15, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 15, viazi kilo 6, vitunguu maji kilo 4, mafuta lita 3. Soda mbili kwa kila mtu ni kreti tano za chupa 24, na maji ya nusu lita chupa mbili kwa kila mtu, kwa sababu joto la Januari huku halina mchezo. Hesabu iwajumuishe walinzi, madereva, mama wa usafi na vibarua waliobaki. Kila mwaka chakula kilipopungua, ni hao waliokuwa hawakuandikwa. Walio zamu wapelekewe sahani zao kwanza, kabla ya meza kuu. Mnyama achinjwe na Mwislamu, jambo ambalo Wakristo wa huku hawana shida nalo, na kitimoto kisiingie kabisa hata kwenye chungu cha pembeni, maana vijiko huzunguka. Pombe hainunuliwi kwa fedha ya ofisi. Anayetaka bia atajinunulia baada ya chakula, sehemu nyingine.

Ufukwe wa Shangani unafaa kwa kuwa ni karibu na bajaji zipo hadi usiku. Msimbati kunapendeza zaidi, ila gari dogo hunasa mchangani na turubai huhitaji kamba za ziada kwa upepo. Popote mtakapokwenda, kodi jenereta hata kama ukumbi una umeme, na lipa usafiri wa kuwarudisha watu ifikapo saa 2 usiku, kina dada wakiwa wa kwanza. Hii ndiyo bajeti ambayo kamati hukata mwanzo, na ndiyo nisingekubali ikatwe.

Zawadi ya vitu, kama mchele kilo 5, mafuta lita 2 na sukari kilo 2, iwe sawa kwa wote, kuanzia meneja hadi mfagiaji. Bonasi ya fedha ni mapato ya ajira na hukatwa kodi. Ukitangaza laki moja kwa kila mtu, mwenye mshahara wa 390,000 atakatwa kodi ya 8,000, na mwenye 1,200,000 atakatwa 30,000, kwa kuwa viwango vya PAYE, yaani kodi ya mshahara, hupanda kutoka asilimia 8 hadi 30. Tangaza kiasi kabla ya kodi na useme wazi kitakatwa, watu wasihisi wameibiwa siku ya kusherehekea.

Kama mahali pako mambo haya hayalipwi, anza kwa barua kwa mwajiri, nakala kwa tawi la chama cha wafanyakazi ikiwa lipo, kisha ofisi ya kazi. Isipotatuliwa, shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza Fomu Namba 1. Kwa mgogoro usiohusu kuachishwa kazi muda ni siku 60 tangu ulipotokea. Kwa kuachishwa ni siku 30. Mshahara wa Desemba ukitoka pungufu siku ya mwisho ya mwezi, mwanzoni mwa Machi muda umekwisha, na utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za kueleweka. Barua ya kumbembeleza mwajiri haisimamishi siku hizo. Peleka nakala ya mkataba, hati ya mshahara ya mwezi husika, na ratiba ya zamu yenye saini yako na ya msimamizi. Hiyo ratiba ipige picha siku inapobandikwa, maana ikishabanduliwa ukutani ni nadra kuipata tena.